Una feloni na unataka kuingia jeshi la Marekani? Anza na karatasi, si na mwandikishaji

Sheria ya shirikisho ya Marekani, Juzuu la 10, kifungu cha 504, inawatia watu wanne kwenye kapu moja: mwenye wazimu, mlevi, mtoro wa jeshi, na aliyetiwa hatiani kwa feloni, yaani kosa kubwa la jinai. Hao wasiandikishwe. Halafu sentensi inayofuata inalegeza kamba: waziri wa jeshi husika anaweza kuruhusu, kwa kesi zinazostahili, mtoro na mwenye feloni. Mwenye wazimu na mlevi hawakutajwa tena. Kwa maneno mengine, kisheria mwenye feloni hajafungiwa mlango, ila huingii kwa haki yako. Unaingia kwa kibali. Kibali hicho ndicho waandikishaji wanachokiita weiva.

Swali tunaloulizwa sana na Waswahili walioko Marekani ni hili: "Kijana wangu ana kesi ya zamani, jeshi litamchukua?" Jibu la haraka halipo. Kuna kesi zinazokufa siku ya kwanza, kuna zinazopita, na nyingi zinaanguka si kwa sababu kosa ni kubwa, bali kwa sababu faili ni bovu.

Tuanze na neno lenyewe. Mahakamani, feloni ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela. Hata kama hukulala jela hata usiku mmoja, kinachoangaliwa ni adhabu ambayo kosa lingeweza kuleta. Jeshi nalo lina mizani yake. Kila kosa linapewa namba: za 100 ni makosa ya barabarani, za 200 ni makosa madogo yasiyo ya barabarani, za 300 ni makosa ya kati kama kuendesha gari ukiwa umelewa, na za 400 ni makosa makubwa: kuvunja nyumba, unyang'anyi, kuchoma mali na mengine ya aina hiyo. Kosa moja la 400 linahitaji weiva. Makosa mawili ya 300 pia. Moja la 300 likiongozana na manne ya 200, weiva. Matano ya 200 peke yake, weiva.

Mizani hii haifuati jina ambalo jimbo limelipa kosa lako. Ukiandika hundi ya zaidi ya dola 500 isiyo na pesa kwa nia ya kudanganya, au ukiiba kitu cha dola 500 au zaidi, jeshi linaweza kukuweka kwenye kundi la 400 hata kama hakimu aliliita kosa dogo. Kwa hiyo usimwambie mwandikishaji "mimi sina feloni" ukadhani umemaliza. Mwambie kosa lilikuwa nini, kifungu gani, na kesi iliishaje.

Kuishaje ndiko wengi wanakojikwaa. Mtu anasema, "Kesi yangu ilifutwa." Ukifungua karatasi unakuta alikiri kosa, hakimu akaahirisha hukumu, akafanya probesheni (kifungo cha nje chini ya uangalizi) ya miezi 12, akamaliza, ndipo kesi ikafutwa. Kwa jeshi, hiyo bado ni kesi iliyoisha vibaya kwako. Hata rekodi iliyofungwa au kufutwa kwa amri ya mahakama inatakiwa kutajwa, na kesi za utotoni vilevile. Wenzetu wengi walikubali makubaliano ya kukiri kosa huku mkalimani akiwa kwenye simu, sauti inakatika, na hadi leo hawajui walikiri nini hasa. Ukimwambia hakimu kwamba hupingi mashtaka, usidhani hukukiri. Kwenye meza ya weiva, mizani ni ileile.

Sasa milango iliyokomelewa, ili usipoteze mwaka wako. Kifungu cha 657 cha Juzuu hilohilo kinakataza kuandikisha mtu aliyetiwa hatiani kwa feloni ya ubakaji, shambulio la kingono au kujamiiana kwa maharimu. Hapo hakuna waziri wa kukuombea. Mlango wa pili unawashangaza watu: kumpiga mke, mume au mzazi mwenzako, hata kama hukumu ilikuwa ya kosa dogo kabisa. Sababu yake ni bunduki. Sheria ya silaha inamkataza mwenye feloni kumiliki bunduki, lakini imeacha nafasi kwa silaha zinazotolewa na serikali kwa kazi ya serikali. Nafasi hiyo haikuachwa kwa aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, tangu marekebisho ya 1996. Askari asiyeweza kushika bunduki ya kazi ni askari gani? Ndiyo maana kijana aliyevunja duka akiwa na miaka 19 anaweza kupata weiva, na jirani yake aliyempiga mkewe kofi na kulipa faini ndogo akakosa. Utajaza fomu DD 2760 mahususi kwa jambo hilo.

Mlango wa tatu ni wa muda tu. Ukiwa kwenye probesheni, kwenye parole (kuachiwa mapema kwa masharti), una kesi inayosubiri au hati ya kukamatwa isiyofungwa, hakuna wa kuanza kukuangalia. Na ile hadithi ya hakimu kusema "jela au jeshi, chagua" ni ya zama za Vietnam. Kanuni za leo za Jeshi la Nchi Kavu zinakataza kumwandikisha mtu kama mbadala wa kifungo, na mwandikishaji haruhusiwi kwenda mahakamani kukutetea ili kesi ifutwe upate kujiunga. Wakili akikushauri uombe hivyo, badilisha mazungumzo.

Ukishajua kesi yako si ya milango hiyo, usikimbilie ofisi ya uandikishaji. Kusanya karatasi kwanza. Anza na rekodi yako ya FBI: unaomba mwenyewe, unatoa alama za vidole, unalipa dola 18. Isome kwa kalamu mkononi. Mara nyingi utakuta kukamatwa kulikoandikwa bila kuonyesha kesi iliishaje, na mstari huo mtupu ndio utakaosimamisha faili lako miezi. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ambako kesi ilisikilizwa, uombe nakala zilizothibitishwa kwa muhuri: hati ya mashtaka, hukumu, na hati ya mwisho wa kesi. Nakala ya simu haitoshi. Ongeza ripoti ya polisi, barua ya ofisi ya probesheni inayoonyesha tarehe uliyomaliza, na risiti za kila senti: faini, gharama za mahakama, fidia kwa uliyemdhuru. Kuna watu wamekwama kwa salio dogo la ada walilodhani liliisha.

Baadaye mwandikishaji atatuma fomu DD 369, ya kuulizia rekodi yako, kwa polisi wa mahali ulikoishi. Umehama Louisville, ukaenda Dayton, ukarudi? Andika anwani zote kwa tarehe. Anwani moja ikisahauliwa, inaonekana umeificha.

Kisha maelezo yako binafsi. Hapa ndipo faili linapopata uhai au linapozikwa, na Waswahili tuna ugonjwa wetu: tunapenda kuomba radhi kwa maneno makubwa na kuruka tukio. Mtu anaandika: "Yalikuwa mambo ya ujana, marafiki walinipotosha, sasa nimeokoka na nimebadilika." Anayesoma hajui ulifanya nini, na anayo ripoti ya polisi mezani inayomwambia. Linganisha na mfano huu: "Tarehe 14 Juni nikiwa na miaka 19, mimi na mwenzangu tulivunja dirisha la nyuma la gereji. Mimi niliingia. Tulichukua vifaa vya dola 1,240. Nilikamatwa siku hiyohiyo, nikakiri kosa, nikapewa probesheni ya miezi 24. Nilimlipa mwenye gereji pesa zote. Risiti ni kiambatisho cha 4." Hakuna machozi hapo, lakini kila sentensi inaweza kukaguliwa na inakubaliana na karatasi nyingine. Usimsukumie mwenzako lawama ikiwa ripoti inasema wewe ndiye uliyeingia dirishani.

Barua za kukusifia zitoke kwa watu wanaolijua kosa lako na wanalitaja. Barua ya mchungaji au imamu isemayo "ni kijana mwema" haina uzito kama ya msimamizi wa ghala anayesema amekuajiri miaka 3 akijua una feloni, na funguo za ghala unashika wewe. Zote ziwe kwa Kiingereza, zenye tarehe, sahihi na namba ya simu inayopokewa.

Sasa ndiyo wakati wa mwandikishaji. Kumbuka yeye si mwamuzi. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, weiva ya kosa kubwa hupanda hadi ngazi za juu za kamandi ya uandikishaji, ambayo makao yake ni Fort Knox, Kentucky. Mwandikishaji ana idadi ya watu anaotakiwa kuwaingiza kila mwezi, na faili lako ni kazi nyingi kwa mtu mmoja. Akikuambia "hatuchukui watu wenye feloni", huenda anamaanisha hataki kazi hiyo. Ukiwa na bahasha iliyokamilika, umemwondolea nusu ya kisingizio. Matokeo mazuri ya ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, na cheti cha sekondari vinasaidia pia, kwa sababu mkuu wake lazima aone faida ya kuhangaika nawe. Kila jeshi linaamua lenyewe: Jeshi la Anga likikukataa, Jeshi la Nchi Kavu halifungwi na uamuzi huo.

Kuna mwandikishaji mmoja wa kumkimbia: anayekunong'oneza "hiyo usiiandike, haitaonekana." Itaonekana. Kwenye kituo cha upimaji utachukuliwa alama za vidole zinazokwenda FBI, na fomu ya SF-86, ya uchunguzi wa historia yako, inauliza hata kesi zilizofungwa au kufutwa, isipokuwa aina finyu sana za kesi za dawa za kulevya za shirikisho. Kuingia jeshini kwa udanganyifu ni kosa chini ya Ibara ya 104a ya sheria za kijeshi, adhabu inafika kifungo cha miaka 2 na kufukuzwa kwa fedheha. Siku hiyo mwandikishaji aliyenong'ona hatakuwa upande wako wa meza.

Kwa mwenye grinikadi, simama kabla hujamfikiria mwandikishaji. Mwone kwanza wakili wa uhamiaji, si wakili wa jinai peke yake. Sheria ya uhamiaji ina kitu kinachoitwa feloni iliyokithiri, na jina linadanganya: wizi uliopewa kifungo cha mwaka mmoja unaingia humo hata kama kifungo kiliahirishwa na hukukaa jela, na hata kama jimbo liliita kosa dogo. Siku 365 zinakutia humo, siku 364 zinakuacha nje. Ndiyo sababu California na New York zilishusha adhabu ya juu ya makosa madogo hadi siku 364. Hukumu ya feloni iliyokithiri ya tarehe 29 Novemba 1990 au baadaye inakufungia uraia moja kwa moja, na utumishi wa jeshi hauifuti. Kuna waliovaa magwanda ya Marekani na bado wakarudishwa makwao. Ukijipeleka mwenyewe kwenye alama za vidole ukiwa na hukumu ya namna hiyo, unaweza kuwa umejipeleka kwa watu wa uhamiaji.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye fomu yoyote ni msimu. Vita vya Iraq vilipopamba moto, Jeshi la Nchi Kavu lilitoa weiva za feloni 249 mwaka 2006, na 511 mwaka 2007. Uchumi ulipoporomoka na vijana wakajaa mlangoni, mwaka 2009 likazisimamisha. Faili lilelile, mtu yuleyule, jibu tofauti. Sisi hili hatulipendi. Kesi inayostahili inastahili wakati wa njaa na wakati wa shibe, na kulegeza masharti kwa sababu tu vyumba vya kambi ni vitupu ndiko kunakoleta balaa. Steven Green, aliyeshiriki ubakaji na mauaji ya familia huko Mahmudiyah, Iraq, mwezi Machi 2006, aliingia kwa weiva, lakini makosa yake ya awali yalikuwa madogo, si feloni. Mkaguzi makini huangalia mwenendo: makosa madogo yanayofuatana yanaweza kutisha kuliko feloni moja ya miaka 8 iliyopita.

Na tusichanganye mfumo huu na ule wa kundi la mamluki la Wagner, lililowachota wafungwa magerezani Urusi mwaka 2022 na kuwaahidi uhuru wakimaliza miezi sita vitani Ukraine. Mtanzania mmoja aliyekuwa akisoma huko na kufungwa alichukuliwa hivyo, akauawa Oktoba 2022. Kwa Wamarekani mfungwa haandikishwi kabisa; anayeombewa weiva ni mtu aliyekwisha maliza adhabu yake.

Ukipita, tarajia kazi chache kuliko wenzako. Ujasusi na polisi wa jeshi usiweke moyoni. Ukiwa ulihukumiwa zaidi ya mwaka na ukakaa jela angalau mwaka, sheria iitwayo Bond inakuzuia siri za ngazi za juu kabisa, labda upewe kibali kingine tena. Na ukitoka kazini jioni, baada ya kusafisha bunduki ya serikali na kuirudisha ghalani kwa sahihi, huwezi kupita dukani kununua yako ya kuwindia paa. Kwa bunduki hiyo wewe bado ni mwenye feloni, na kuishika ni kesi mpya.