Jibu: seva ndogo kwenye kompyuta yako, bila bando wala flashi

Mkuu, umeuliza namna ya kumwonyesha mteja tovuti unayoijenga kwenye simu yake, na wenzako wachukue picha kutoka kwenye kompyuta yako bila kuzipandisha kwanza intaneti. Wachangiaji wa juu wamekuelekeza XAMPP, kifurushi cha seva chenye PHP na hifadhidata ndani yake. Kama mradi una PHP na hifadhidata, sawa. Ila kwa HTML, CSS na JavaScript tupu, huko ni kukodi fuso kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Mimi natumia Python, lugha ya programu inayokuja na seva ndogo (programu ya kugawa mafaili kwa vifaa vingine), na kwenye Linux nyingi unaikuta tayari. Ingia ndani ya folda ya mradi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

python3 -m http.server 8000

Kwenye Windows ni py badala ya python3. Kisha tafuta IP yako, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao (andika ipconfig, au hostname -I kwa Linux), na mwenye simu aliye kwenye waifai hiyohiyo afungue kitu kama http://192.168.1.23:8000. Kukiwa na index.html anaona ukurasa, isipokuwepo anaona orodha ya mafaili.

Sasa hiyo orodha ndiyo iliyoniaibisha. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaiwasha nikiwa kwenye folda kuu ya mtumiaji badala ya folda ya picha. Mwenzangu akacheka: "Kaka, mbona naona barua yako ya kuomba kazi kwingine?" Seva hii haichagui. Inatoa kila kilichomo, hata mafaili yanayoanza na nukta kama .env lenye nywila zako, na usipoiambia vingine inamsikiliza yeyote aliye kwenye mtandao huo. Tangu siku hiyo nina folda moja inayoitwa GAWA, na naitaja wazi kwenye amri: --directory GAWA. Nikiwa najaribu kitu peke yangu naongeza --bind 127.0.0.1, hapo hakuna wa nje anayeingia.

Simu ikizunguka tu bila kufungua, mara nyingi kosa ni ukuta wa moto wa Windows. Mara ya kwanza hukuuliza uiruhusu Python. Mimi nilibonyeza kukataa bila kusoma, na haikuniuliza tena mpaka nilipoenda kufuta kizuizi kwenye mipangilio. Sababu ya pili ni waifai za hotelini na migahawani, ambazo nyingi huzuia vifaa visionane. Hapo washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta, basi. Kwa simu ya Android, data izime kabisa ukitaka: mafaili yanapita kati ya vifaa vyenu, bando haliguswi.

Kuna moja lilinila siku nzima. Nilikuwa na ukurasa unaosoma msimbo wa QR kwa kamera. Kwenye kompyuta, kwa localhost (jina ambalo kifaa hujiita chenyewe), safi. Kwenye simu kamera haikufunguka, nikaanza kufumua JavaScript ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe kivinjari huihesabu localhost kuwa salama hata bila HTTPS, ila anwani ya 192.168 kwa http tupu hakiipi kamera wala mahali ulipo. Dawa kwa Android: chomeka waya wa USB, washa USB debugging kwenye mipangilio ya simu, kisha kwenye kompyuta yenye adb (zana ya kuiamuru Android kwa waya) andika adb reverse tcp:8000 tcp:8000, halafu kwenye simu fungua localhost:8000. Kamera ikawaka.

Kuhusu mafaili makubwa, usitarajie makubwa. Kwenye toleo ninalotumia, video ya harusi huwezi kuirusha mbele, na upakuaji ukikatika karibu na mwisho unaanza upya. Kwa kazi hiyo nahamia Caddy, seva nyingine ambayo programu yake ni faili moja tu:

caddy file-server --browse --listen :8000

Zote mbili ni za kutoa, si za kupokea. Mwenzako hawezi kukupandishia kitu. Na waandishi wa Python wenyewe wameandika kwamba moduli hii isitumike kwenye seva halisi, kwa hiyo usiifungulie njia ya intaneti kwenye ruta eti mteja wa Dodoma aone.

Ukimaliza bonyeza Ctrl+C. Ukikuta poti 8000 (ile namba kwenye amri) imeshikwa, weka 8001; pengine ni ile ya jana uliyoisahau, kama mimi juzi.