Musa alivua viatu kweli

Swali la juma hili liliuliza iwapo Mwislamu wa kawaida anaweza kutafuta maana ya ndani ya Kurani bila kuivunja ile ya dhahiri. Naamini anaweza, na ushahidi wangu ni viatu vya Nabii Musa.

Katika Sura Twaha, aya ya 12, Musa anaamriwa avue viatu vyake kwa kuwa yumo katika bonde takatifu la Tuwa. Imamu Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, anaeleza katika kitabu chake Mishkat al-Anwar kwamba kuvua viatu ni kuziweka kando dunia na akhera pamoja, ili moyo umwelekee Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini papo hapo anashikilia kuwa Musa alikuwa na viatu miguuni na alivivua. Anayeifuta dhahiri, Ghazali amemhesabu miongoni mwa Mabatini (wanaoshika maana ya ndani tu), anayeifuta ya ndani miongoni mwa Mahashwiya (wanaoshika herufi za maandiko tu), na aliyekamilika ni yule anayezikusanya zote mbili. Vivyo hivyo kwa hadithi ya malaika wasioingia nyumba yenye mbwa: mbwa ni ghadhabu iliyomo moyoni, ila hiyo si ruhusa ya kumfuga ndani.

Wanafalsafa walipanda juu zaidi. Ibn Sina aliisoma Aya ya Nuru, ya 35 katika Sura ya 24, inayofananisha nuru ya Mwenyezi Mungu na taa iliyomo katika shubaka na kuwashwa kwa mafuta ya mzeituni, kama ngazi za akili: shubaka ni akili ambayo bado haijapokea kitu, mzeituni ni fikra, na mafuta yanayokaribia kung'aa kabla ya kuguswa na moto ni wepesi wa kung'amua. Ni usomaji wa kuvutia, ingawa (niseme kweli) asiyepitia falsafa ya Wayunani hana pa kuushikia.

Ndiyo maana mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alikataza taawili (fasiri za maana ya ndani) za namna hiyo zisitangazwe kwa umma, kwani asiye na elimu ya hoja atabomolewa dhahiri yake na asijengewe kitu badala yake. Hofu hiyo naielewa, ila dawa yake siikubali. Katika darsa za baada ya Magharibi hapa Dodoma, mzee anayeacha kandambili zake zenye vumbi mlangoni mwa msikiti ameshaitimiza dhahiri. Sioni sababu ya kumnyima ile ya pili, yaani ya ndani, mradi mwalimu amweleze wazi kwamba hiyo ni ishara, kama masufi wenyewe wanavyoiita, na si hukumu ya kumlazimisha jirani yake.