Jikoni kwa Bibi wa Shangani: Kuku na viazi kwenye treya moja

Swali: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu, naishi Nachingwea. Nimenunua jiko la umeme lenye oveni, nikasema wakwe zangu wakija lazima nijitutumue. Nikatoa kuku wa kisasa kwenye friza, nikamkata vipande, nikamtandaza kwenye sufuria ya oveni pamoja na viazi mviringo nilivyokata nusu, karoti za duara nyembamba, hoho na vitunguu. Mafuta juu, viungo juu, nyuzi 180, saa moja. Kilichotoka: kuku mweupe anaogelea kwenye supu, karoti uji, hoho hazionekani, na viazi ukichoma uma vinagoma. Wakwe walikula, ila kwa adabu tu. Nifanyeje wakirudi?
*Mwalimu, Nachingwea*

Jibu: Marahaba mwanangu. Wakwe wanaokula kwa adabu ni wa kutunza, kwa hiyo tuwaandalie vizuri.

Oveni yako nzima, usiipeleke kwa fundi. Tatizo ni maji. Kuku wa friza akiyeyuka anaachia maji mengi, hoho na vitunguu navyo vinatoa yao. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi hapo, na nyama haianzi kushika ile rangi ya kahawia mpaka juu yake papate joto la kama nyuzi 140. Maadamu kuku yuko ndani ya maji, hata ukimwacha mpaka adhuhuri atatoka mweupe vilevile. Uliwapikia wakwe kuku wa kuchemsha kwa bei ya umeme.

Basi mtoe kwenye friza siku moja kabla, umweke chini kabisa ya friji kwenye bakuli, asije akadondoshea vyakula vingine. Siku ya kupika mwaga yale maji, mfute kwa karatasi za jikoni mpaka ngozi ikauke. Ngozi usiitoe! Mafuta yake ndiyo yatakayovipaka viazi. Kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga vipenyeze chini ya ngozi, maana vikikaa juu vinaungua na kuwa vichungu. Chumvi na pilipili manga zinakaa juu. Ndimu kamulia mezani. Najua watu wa kwetu tukiona kuku mkono unaenda kwenye ndimu wenyewe, lakini leo jizuie.

Sufuria yenye kuta ndefu iache. Tumia ile treya pana iliyokuja na jiko. Kila kipande kipate nafasi ya kupumua, maana vikibanana kama abiria wa Hiace ya Mikindani jioni, vinapikana kwa mvuke. Havitoshi? Tumia treya mbili, katikati ya kupika uzibadilishe, ya juu iende chini.

Sasa muda, na hapa ndipo wengi wanaponiandikia. Mnataka kila kitu kiingie pamoja kwa sababu kitaliwa pamoja. Kiazi na hoho havijawahi kuiva wakati mmoja hata kwenye sufuria ya mkaa, itakuwaje kwenye oveni? Viazi vikate ukubwa wa kiberiti, vichemshe kwenye maji ya chumvi dakika 5 hadi 7, mwaga maji, funika sufuria uitikise mpaka kingo zichubuke kidogo. Zile kingo zilizochubuka ndizo zitakazokauka zikawa na mlio. Huku nyuma oveni iwe imeshafika nyuzi 200 na treya imo ndani na mafuta yake. Vikigusa mafuta ya moto lazima usikie.

Pamoja na viazi weka mapaja, na karoti zilizokatwa nene, unene wa kidole gumba. Hivyo vitatu vinakwenda kama dakika 45. Baada ya dakika 10 ingiza kidari na vitunguu vilivyokatwa robo robo, ugeuze viazi vikishaanza kushika rangi. Hoho ziingie dakika 20 za mwisho. Nyanya, kama unazitaka, dakika 10 tu. Mbilingani usiweke siku ya wakwe. Ananyonya mafuta yote ya kuku kisha anajifanya hajui.

Paja lichome karibu na mfupa. Yakitoka maji mekundu, rudisha. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74. Firigisi isiingie kwenye treya, itakauka iwe raba. Ikaange pembeni na kitunguu, maana baba mkwe ataiulizia.

Yote hayo ni ya kuku wa kisasa. Wa kienyeji anataka subira: mfunike kwa foili na maji kikombe kimoja, nyuzi 160, saa moja na nusu au mbili mpaka alegee. Ndipo umfunue, umimine ule mchuzi kwenye bakuli, upandishe moto hadi 220 ashike rangi. Viazi vyake vioke kwenye treya nyingine.

Swali: Bibi, oveni inamaliza LUKU? Na umeme ukikatika kuku yumo ndani, je?
*Mama wa watoto wawili, Lindi mjini*

Jibu: Angalia kibandiko nyuma ya jiko. Likiandikwa wati 2,000, likiwaka mfululizo saa moja linakula uniti 2. Ila oveni haiwaki mfululizo. Ikifikia joto inajizima na kuwaka tena, kwa hiyo itakula pungufu ya hapo, mradi hufungui mlango kila dakika kuchungulia.

Ukikatika, usimwache kuku nusu mbichi akikusubiria Tanesco. Washa mkaa, hamishia kila kitu kwenye sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama wanavyopalia keki. Atamalizika vizuri tu, na rangi atapata. Gesi ya Msimbati imefika Dar kwa bomba tangu 2015, lakini jikoni kwangu mkaa bado haujastaafu.

Swali: Naweza kubadilisha viazi nikaweka muhogo au ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini?
*Msomaji, Masasi*

Jibu: Muhogo ndiyo, na mimi naupenda kuliko kiazi cha kusafirishwa kutoka Njombe. Lakini uwe muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu, na kuoka peke yake hakuitoi. Huo uache kwa makopa. Menya, chemsha mpaka upasuke, toa mzizi wa katikati, chuja, kisha fanya kama viazi. Juu nyunyiza korosho zilizopondwa, dakika 5 za mwisho, zisije zikaungua.

Ming'oko niachie. Hiyo ni ya kuchemsha na chumvi, ukiipeleka kwenye oveni utakuwa umeionea. Ukija Mtwara nibebee fungu.