Kumla farasi wa c6: unachopata na unachotoa

Wengi wenu mnaokuja Mkunguni alasiri mmetoka kwenye bao na dhumna, mkono umezoea kula haraka. Ndiyo maana kwenye sataranji nawaanzishia Ruy Lopez ya kubadilishana, ufunguzi wa mweupe: yaonekana ya ulafi, kumbe yataka subira.

Hatua zenyewe, wewe ni mweupe (herufi ni safu ya wima, nambari ni mstari wa mlalo): askari e4, askari e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5, askari a6. Hapo askofu anamla farasi, naye mweusi anamla askofu kwa askari wa d. Usimrukie askari wa e5 papo hapo. Malkia atashuka d4, atamtisha farasi wako na askari wa e4 kwa pamoja, na utamrudisha askari uliyemla. Mfalme akae g1 na ngome f1 kwanza, kwa hatua moja, kama bingwa Mmarekani Bobby Fischer alivyofanya Havana mwaka 1966. Sasa mweusi akizubaa, mle: malkia akija d4, rudisha farasi f3, akithubutu kumla wa e4, ngome inatua e1 na malkia hana pa kukimbilia, mfalme wake yuko nyuma yake. Mtego huu huwanasa hata wazee, wallahi.

Kisha sukuma d4, mbadilishane askari, uhesabu. Upande wa mfalme una wanne kwa watatu. Upande wa malkia ana wanne kwa watatu wako, ila wawili wamepangana safu ya c, na kwa wanne hao ni vigumu apitishe mmoja. Ondoa vipande vyote kichwani, ubakishe wafalme na askari: mara nyingi ni mchezo wako. Kwa hiyo malkia kwa malkia, kubali.

Ila umetoa askofu, naye anao wawili. Hapo ndipo wanagenzi huteleza, wanabadilisha chochote ilimradi kimebadilishwa. Anza na askofu wake mmoja.

Tazameni mabingwa Lasker (mweupe) na Capablanca (mweusi), St. Petersburg 1914. Lasker alisukuma f5, askari wake wa e4 akabaki nyuma, halafu akabadilisha askofu d6, kitendo kilichomwondolea mweusi ule mpangano wa askari wawili wa c. Ukisoma kanuni peke yake utasema kaharibu. Lakini hatua ya 16 farasi wake alikaa e6, katikati ya nyumba ya watu, na mweusi akabanwa mpaka akashindwa.

Ukipewa weusi, basi, maaskofu wako watunze, ubao ufungue, na f5 usimwachie aipate bure.