Mpangaji wangu ni mzuri, mkataba unaisha: nipandishe kodi au nimwache?

Shangazi, nina nyumba ya vyumba viwili Najjera, karibu na Kampala. Mpangaji wangu analipa shilingi 800,000 kila mwezi, hachelewi, hana kelele. Mkataba wake unaisha miezi mitatu ijayo na anataka mwingine wa miaka miwili. Dalali ananiambia nyumba kama hiyo sasa inakwenda kwa 950,000, nimpandishie huyu au nimtoe. Nifanye nini? – Mama Nyumba

Mama Nyumba, usimtoe. Na hiyo 950,000 huwezi kumbandika huyu hata ukitaka: ni nyongeza ya karibu asilimia 19, na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya Uganda ya 2022 inakuwekea ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka. Kwako mwisho ni 880,000.

Mimi ningemwomba 840,000 mwaka wa kwanza na 880,000 wa pili, zote ziandikwe sasa hivi ili asishtuke baadaye. Unaona ni kidogo? Tuseme umemtoa. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza 840,000. Weka rangi, kitasa na usafi, tuseme 500,000. Jumla 1,340,000, nawe kwa mpangaji mpya wa 950,000 unazidisha 110,000 tu kwa mwezi, kwa hiyo miezi 12 inapita kabla hujarudisha pesa yako. Ikikaa tupu miezi miwili, ni zaidi ya miezi 20, maana mwaka wa pili huyu angekuwa analipa 880,000. Hapo tumemhesabia huyo mgeni kuwa analipa kwa wakati, jambo ambalo dalali hakuahidi. Yeye anakula pale mtu anapohama, si pale anapokaa.

Kumbuka pia URA, mamlaka ya mapato. Mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi 2,820,000 kwa mwaka, kwa hiyo katika ile nyongeza ya 480,000 ya mwaka wa kwanza mkononi inabaki 422,400.

Mwandikie wiki hii, usingoje mwezi wa mwisho. Mtu asiyejua hatima yake huanza kutafuta nyumba kimyakimya, na akishalipa kwingine humrudishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kufungua mazungumzo, lakini kiwango kipya na tarehe ya kuanza viwe kwenye barua.

Kabla ya kusaini, pitia nyumba pamoja naye mkipiga picha. Fungua kabati la chini ya sinki: ubao ukiwa umevimba, bomba linavuja, na hilo ulitengeneze wewe kabla hujataja nyongeza. Andikeni namba ya mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, na risiti ya mwisho ya maji muione wote wawili.

Mkataba uwe wa maandishi. Kwa pango linalofika 500,000 sheria inadai hivyo. Utaje tarehe ya kuanza na kuisha, siku ya kulipa, nani anatengeneza nini, na notisi ya kuhama kwa kila upande. Amana aliyoweka mwanzo itajwe kwa kiasi chake, la sivyo siku ya kuhama mtabishana. Nakala mbili, mashahidi wawili; mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, anafaa kuwa mmoja.

Akikataa 840,000, mwulize anaweza ngapi. Hata akibaki kwenye 800,000 kwa mwaka mmoja, bado ni nafuu kuliko nyumba tupu. Akisema anahama, mwombe tarehe kwa maandishi na ruhusa ya kuonyesha nyumba Jumamosi. Dalali mpigie hapo, si mapema.