Chubwi zinanasa kwenye kalibu: upake mafuta gani?

Salaam aleikum kaka. Umeuliza upake mafuta ya nazi au grisi, kwa vile chubwi zako za gramu 200, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, zinanasa kwenye kalibu ya alumini na kutoka na makunyanzi.

Ndani ya shimo usipake hata kimoja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mafuta yakikutana na joto hilo hugeuka moshi, moshi hukosa pa kutokea, na ndiyo hayo makunyanzi. Grisi iache kwa mashine ya boti. Futa mafuta ya zamani kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha fukiza nusu zote mbili za kalibu juu ya kibatari mpaka zishike masizi membamba. Yakiwa mazito yanakula umbo. Nta ya nyuki, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ni ya bawaba na pini tu.

Makunyanzi yakiendelea, kalibu ni baridi: mimina mara nne tano ipate moto, chubwi hizo uzirudishe sufuriani. Zikitoka na ukungu mweupe, joto limezidi.

Unyevu ndio wa kuogopwa. Kalibu iliyolala kwenye hewa ya bahari hapa Lamu ipashe kando ya jiko kwanza. Tone moja la maji chini ya risasi ya moto huirusha usoni. Fanyia nje, sufuria isirudi kupikia, na betri za gari usiyeyushe kamwe, mvuke wake ni sumu.

Ikinasa palepale kila mara, tafuta ukwaruzo ukingoni, ulainishe kwa msasa laini.