Jibu: Mabango yangu yote yanafanana

Habari ya jioni, ndugu. Unasema unachora mabango ya saluni na vinyozi huko Kayole, na kila ukishika brashi kinachotoka ni kile kile ulichokiona kwenye simu. Kwanza angalia unaanzia wapi. Ukifungua simu kabla ya kuongea na mteja, picha za wengine zishakuwahi.

Mimi huketi kwenye benchi la wateja na daftari, nasikiliza. Kuna kinyozi aliyekuwa akitaniwa na kila mtu kwa sababu ya redio yake, antena ni waya wa hanga. Bango likawa redio inanyolewa. Simu ingenipa hiyo wapi?

Na kuiga si dhambi, bora uchanganye. Jiko la bati lenye udongo ndani, kama yale ya mafundi wa Kamukunji, Nairobi, lilitokana na jiko la ndoo la Thailand miaka ya 1980. Hapa Kenya likapewa kiuno, yaani likabanwa katikati. Chukua herufi za matatu, zitie rangi za leso, uone.

Mabango ya kompyuta sitayagusa, mimi ni wa brashi. Mteja aking'ang'ania picha yake ya simu, mchoree tu, kodi ilipwe.